Wali Niliotakiwa Kuumwaga

Nyinyi mnaoanza kazi ya afya leo, mnaopewa pikipiki kabla hamjazoea hata harufu ya klorini, mmenikuta nimeshastaafu na magoti yanagoma. Mmeniuliza swali moja: kwa nini watu huku wakati wa mlipuko wanakubali amri hii na kuikataa ile? Sawa, nitajibu. Lakini mjue mapema kwamba mzee huyu ana hasira za karibu, na nyingi ya hasira hizo ni juu yake mwenyewe. Atakayesinzia nitamrushia kofia.

Nianze na vyoo, maana bila vyoo huwezi kujiita Bwana Afya.

Nilipopangiwa Kibiti nikitokea kwetu Songea, nilikuwa kijana mwembamba, sare imenyooka kwa pasi, daftari kwapani. Nikatumwa kukagua vyoo Mtawanya. Kila nyumba naonyeshwa choo kizuri ajabu, makuti mapya, sakafu imefagiwa, mlango unafunga. Nikawa naandika "safi", "safi", "safi", mpaka kalamu ikaisha wino. Wiki ya tatu tumbo likanikamata njiani. Nikairusha baiskeli uwanjani kwa mama mmoja, nikamwomba haraka anionyeshe choo.

Yule mama akasimama kunitazama. "Choo kipi, Bwana Afya? Kile?"

"Ndiyo, kile! Si kile pale!"

"Aa, kile si chako? Ngoja basi nikatafute ufunguo."

Mkicheka mcheke, mimi siku ile sikucheka. Ufunguo ulipopatikana, nikakuta ndani gunia la mbegu za korosho na kuku ameatamia mayai. Nikaishia kichakani kama watu wote wa kitongoji kile. Kumbe vyoo vyote nilivyoviandika walivijenga kwa ajili yangu, nipite, niandike, niondoke. Wala hawakunidharau. Walinitii sana, tena kwa adabu, ila walimtii mtu mwenye daftari, na sababu ya kuchimba choo walikuwa hawajaisikia.

Aliyenifungua macho ni Mzee Hamisi, Bwana Afya mwenzangu, mtu wa Mohoro aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Nilipomsimulia habari ya kufuli alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanifundisha. Ukifika kwa mtu usiulize choo, omba maji ya kunywa. Mtungi utauona uko wapi, umefunikwa au haukufunikwa, kata ina mpini au mkono mzima unazama majini. Kwa kikombe kimoja cha maji umekagua nyumba nzima, na mwenye nyumba anajiona amekukirimu. Hii ichukueni, haijachakaa mpaka leo.

Kisha akaniuliza, "We kijana si Mngoni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hawa Wandengereko si watani wako? Babu zako wamekuachia ruhusa ya kuingia mpaka jikoni kwa mtu, wewe unahangaika na daftari!"

Nyinyi wa siku hizi utani mnaujua wa mpira tu. Babu zetu walipigana, halafu wakapatana kwamba kuanzia hapo watatukanana badala ya kuuana. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua jogoo. Msibani ndiye anayewachekesha wafiwa, anajilaza njiani jeneza lisipite, anamwaga chakula akitaka, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye mwenye kosa.

Basi nikaacha daftari kwenye baiskeli. Naingia uwanjani, nakaa juu ya kinu, napiga kelele: "Watumwa wangu, leo mmejisaidia wapi?" Akina mama wananijibu wote kwa pamoja: "Shambani kwa babu yako, mla panya!" Tunarushiana maneno, tunacheka, na katikati ya vicheko nawaambia kinyesi kinavyorudi mezani kwa miguu ya nzi. Nikipita tena, nakuta shimo linachimbwa, na safari hii limechimbwa mahali watu watakapolitumia kweli, nyuma ya jiko.

Nikahamishiwa kwenye delta, Maparoni. Huko ndiko nilikokutana na Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mjane, mkulima wa mpunga, mfupi, sauti yake unaisikia toka ng'ambo ya mto. Alinipangisha chumba. Siku niliyoshuka kwenye mtumbwi na sanduku langu, alikuwa anaosha mchele. Akaniangalia juu mpaka chini, akanimwagia yale maji miguuni, akawaambia majirani: "Mla panya ameingia mjini! Ficheni akiba ya paka wenu!" Tangu siku hiyo nikawa nina nyumbani. Nilikula kwake, niliugulia kwake malaria, na mshahara ukichelewa, na miaka ile ulichelewa kweli, hakunifukuza. Aliniita mtani mbele za watu, na akiwa peke yake aliniita mwanangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa kila upande. Mitumba imejaa magengeni, wanunuzi wa kamba wanatoka Dar na masanduku ya barafu, na kila penye ufukwe pameota dago, yale makambi ya wavuvi, mamia ya watu na hakuna shimo hata moja. Kipindupindu kilianzia huko dagoni. Mara mbili tatu tukaletewa maiti, kisha kikaingia kijijini.

Siku za mwanzo nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Bi Somoe alinisaidia kuliko wauguzi wote. Tulitoboa makopo, tukayaning'iniza kwa kamba mlangoni kwa kila muuza uji, maji yatiririke kidogokidogo, mtu anawe bila kutumbukiza mkono. Maana hapa wali wa moto haumwui mtu, wajukuu zangu. Kinachoua ni lile bakuli la kunawia linalozunguka watu kumi na maji yaleyale, na kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi. Bi Somoe alisimama kwenye makopo na mwiko mkononi. Asiyenawa alipigwa mwiko wa mgongo na kutukanwa ukoo mzima, na watu walinawa huku wakicheka. Wagonjwa waliletwa mapema, wengine kwenye machela za magunia, wengine wamebebwa mgongoni.

Ndipo akaja mkubwa wangu kutoka wilayani.

Hakuwa mtu mbaya, sitaki mmchukie. Alikuta mtoto ananiita mla panya, na mimi najibu. Jioni akaniita pembeni. "Kaspari, watu wanakufa na wewe unacheka nao? Serikali haina utani." Akanipa shati jipya la kazi, lina vifungo vinavyong'aa, akanipa mgambo wawili na kipaza sauti. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Nikajiona kweli mimi ni mchekeshaji, si mtaalamu. Aibu ile, vijana, ichungeni sana. Mimi ilinigharimu zaidi ya ujinga wangu wote.

Kesho yake nikawa mtu mwingine. Marufuku kuuza vyakula vilivyopikwa. Marufuku shughuli, hitima, ngoma. Marufuku kupeana mikono. Atakayekiuka atapelekwa ofisi ya kata. Kijana muuza uji akanijia juu: "Redioni wanasema biashara ruksa, wewe wasema marufuku. Nimsikilize nani?" Nikamwambia mgambo amwage uji wake. Akautazama ulivyokuwa unatambaa kwenye mchanga, akaniambia taratibu, "Jana ungeniambia kwa mdomo ningefunga mwenyewe."

Ukiangalia kwa macho, amri ilifanya kazi sana. Vijiwe vikawa vitupu, hakuna mvuke wa sufuria. Nilipopita watu waliweka mikono nyuma, na nikishapita wanapeana mara mbili kufidia. Lakini wagonjwa wakaacha kuja. Mkubwa akafurahi, akadhani mlipuko unapungua. Mimi nilijua, na nikanyamaza. Walikuwa wanawapeleka mashambani, kwenye madungu, vile vibanda vya juu vya kulindia mpunga na nguruwe pori. Nani atake nyumba yake ipuliziwe dawa majirani wakitazama, godoro lichomwe uwanjani, halafu watu waanze kukwepa mlango wake? Na ada za hospitali ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza. Tulisema matibabu haya ni bure, wakasema leo bure, kesho karatasi ya malipo. Nilipokuwa mtani wao waliniamini. Nilipokuwa na kipaza sauti waliniogopa tu, na mtu mwenye hofu anaficha.

Sasa ikafika arobaini ya kaka yake Bi Somoe. Mzee yule alifariki kwa kifua, kabla ya ugonjwa kuingia. Ndugu kutoka Mohoro walikuwa wameshashuka kwa boti, wengine toka Kibiti. Mchana wa siku ya kuamkia shughuli, Bi Somoe akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Mtani, kaa. Leo sina mzaha."

Nikakaa.

"Marehemu ameniachia shamba la korosho, unajua. Nisipopika arobaini, ndugu watasema nimekula mali yake na wali wake nimemnyima. Nitalibeba neno hilo mpaka kaburini. Nikipika, wewe mwenyewe umesema nawaua watu. Sasa nifanyeje?"

Nikaanza kumsomea amri kama ilivyoandikwa. Akanikata.

"Ebo! Amri naijua, siku zote nimeishika kuliko wewe. Sikiliza. Nitapika. Masinia yakishatoka, kabla mtu hajanawa, wewe utaingia utamwaga. Vyote. Wali, mchuzi, kachumbari, bakuli lile la maji piga teke. Mtani akimwaga nani atauliza? Watakutukana, watacheka, watakutoza jogoo, waende zao na njaa yao lakini wazima. Na mimi hakuna atakayenisema, nimepika mbele ya macho yao."

Vijana, nimesoma kozi nyingi baada ya hapo. Sijakutana na mtaalamu aliyefikiri vizuri hivyo. Alikuwa ametafuta njia ya watu mia kushika amri bila hata mmoja kuaibika, na akailipia kwa mpunga wake mwenyewe wa msimu mzima. Alichohitaji kutoka kwangu ni dakika moja tu ya utovu wa adabu.

"Nitamwaga," nikamwambia. "Na wewe nakutia ndani ya sufuria."

"Haya, mla panya. Usinitupe."

Asubuhi yake mkubwa akaniambia diwani amemwalika arobaini, na yeye, ingawa amri ni yake, atakwenda kwa muda mfupi, kwa ajili ya mahusiano. Hapo ndipo ningemweleza mpango wetu. Dakika mbili tu. Sikumweleza. Nilimwona ananyoosha kola, nikawaza: nitamwambiaje huyu kwamba nakwenda kupiga teke masinia ya watu?

Basi tukaenda. Turubai limefungwa, wanaume kwenye mikeka, sisi watatu tumewekwa mbele, diwani, mkubwa na mimi na vifungo vyangu. Dua ikasomwa. Masinia yakatoka. Bi Somoe alikuwa mlangoni kwa jiko, na nikaona amepanga sufuria zilizobaki chini, zimefunuliwa, mahali rahisi kuzifikia. Wazee waliokuwa karibu hawakugusa kitu. Mikono yao ilikuwa mapajani. Kila mtu pale alijua mimi ni nani, na naamini nusu yao walijua ninachotakiwa kufanya. Walikuwa wananisubiri.

Nikabaki nimekaa.

Bi Somoe akakohoa. Kisha akapaza sauti: "We mtani! Mbona umepoa leo? Panya wamekwisha kwenu?"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Alikuwa ananipa mlango, ameufungua mwenyewe. Na mkubwa wangu akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa sauti ya chini, tena kwa heshima, "Kaspari, wewe ndiye unayewajua watu hawa. Tufanyeje?"

Nikamjibu, "Tule kidogo tu, mkubwa. Tusiwavunjie heshima."

Bakuli la kunawia likaja. Diwani akanawa, mkubwa akanawa, nikatumbukiza mikono yangu kwenye maji yaleyale. Halafu nikamega tonge. Nasema mimi, maana diwani alikuwa bado anaongea. Mkono wa kwanza kwenye wali ule ulikuwa wa Bwana Afya. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Bwana Afya amekula," na neno likapita mkeka kwa mkeka mpaka kwa wanawake. Mikono ikatoka mapajani. Kila aliyekuwa anasita akaacha kusita.

Bi Somoe alinitazama. Akafunika sufuria moja, akaona haina maana, akaifunua, akaanza kupakua. Yeye mwenyewe alikula na shemeji zake. Angefanyaje? Mwenye shughuli asipokula chakula chake, watu watadhani nini?

Jioni nikamfuata. "Mtani, nisamehe. Pale palikuwa na wakubwa."

Akaniambia, "Mkubwa pale alikuwa marehemu." Akaingia ndani.

Siku ya tatu wakaanza kuhara. Shemeji mmoja, kisha mzee aliyekuwa amekaa nyuma yangu, kisha watoto. Kambi yetu ilikuwa darasani, vitanda vya kamba vimetobolewa katikati. Wengi waliletwa wamekauka, wametokea madunguni. Bi Somoe alikuja mwenyewe kwa miguu, mapema, ameshika ndoo yake, kama nilivyokuwa nafundisha. Alikuwa mgonjwa pekee wiki ile aliyefanya kila kitu kama inavyotakiwa. Lakini chupa za dripu tulikuwa tumezimaliza, na boti ya kuleta nyingine ilikuwa imekwama kwenye matope mtoni inasubiri maji yajae. Nikamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Alikuwa anatapika, namnywesha tena. Nilimsemesha, nikamtania, nikamwambia wanawake wa Kindengereko hawafi kwa kuhara, ni aibu. Akajaribu kucheka. Alasiri maji yakajaa, boti ikafika. Alikuwa ameshakwenda, saa nzima nyuma.

Mimi sikula tena mpaka siku ya pili. Wala sikuugua. Mkubwa hakuugua, diwani hakuugua. Ndivyo ugonjwa ule ulivyo, unachagua.

Baada ya maziko binti yake, Mwajuma, akanikuta nimekaa kwenye ngazi za darasa. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Bwana Afya," akasema. Siku zote alikuwa akiniita mjomba. "Siku ile ya arobaini mama alichemsha mihogo, sufuria mbili, akaifunika kwa majani ya mgomba uvunguni. Ya kuwapa wageni ukishamwaga wali. Alikuwa amewaambia watu wa makopo wakae tayari, kila mtu anawe mmoja mmoja. Mihogo tumeitupa. Mbona hukumwaga?"

Nikamwambia habari za mkubwa, za shati, za heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya", akaondoka. Sijawahi kuulizwa swali zito kama lile na mtu yeyote mwenye cheo.

Sasa nimefika mnapotaka, kwenye jibu la swali lenu, na ndipo ninapoona haya zaidi. Mlipuko ulipokwisha nikaandika taarifa. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya sababu za kuenea kwa ugonjwa. Nilikaa nayo siku mbili. Kisha nikaandika, kwa mwandiko mzuri: "Ukaidi wa wananchi na kushikilia mila." Mkubwa akasaini. Nikapongezwa, nikapandishwa daraja, nikarudishwa Kibiti, na kwa miaka mingi nimesimama mbele ya vijana kama nyinyi nikiwafundisha maneno hayohayo. Ukaidi wa wananchi. Walikuwa wakiyanakili kwenye madaftari na mimi nilikuwa nikiwasahihisha herufi.

Watu wale hawakuwa wakaidi. Walikaa na mikono mapajani, wali unafuka mbele yao, wakimsubiri Bwana Afya aonyeshe la kufanya, nao wakafanya vilevile alivyofanya. Na aliyeshikilia mila siku ile alikuwa mama mmoja tu, na aliishikilia ili watu wasife.

Ile taarifa bado iko kabatini wilayani, nimeiona mwaka niliostaafu. Mkiikuta, kateni mstari huo. Andikeni juu yake: Bwana Afya alikula kwanza.